Damu ya Mbwa na Nyayo za Paka: Hotuba kwa Wafugaji wa Mbwa wa Kunusa

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wafugaji wenzangu na vijana mnaosomea mifugo, nawashukuru kwa kunipa jioni hii. Mliponiandikia kuniuliza ningependa kuzungumzia nini, nilijibu kwamba nitazungumzia koo za mbwa ambazo Wamarekani huzitumia kuwindia paka wa porini, na nimeambiwa kwamba kamati ilicheka. Kamati ilikuwa na haki ya kucheka, kwa kuwa hapa Arusha hatuna puma, yule paka mkubwa wa Amerika, na mwenye kukutwa na mbwa anayemfukuza chui atakuwa na maelezo mengi ya kutoa kituoni. Hata hivyo, katika misimu mitatu niliyokaa Arizona na Idaho nikiwafuata watu wenye mbwa hao, niliona ubishi juu ya damu ya mbwa uliojaa maarifa na upofu kwa pamoja, na naamini ubishi ule unatuhusu sisi tunaonunua mbwa wa kufuata nyayo kwa kutazama cheti.

Kwanza naomba tutenganishe maneno mawili ambayo kwetu huchanganywa. Aina ni kundi kubwa lenye jina, rangi na kitabu cha usajili, kama Plott au Bluetick. Ukoo ni familia iliyo ndani ya aina hiyo, iliyotunzwa na mtu mmoja au watu wachache kwa vizazi kadhaa, ikaitwa kwa jina la mfugaji, la mto wa kwao, au la dume aliyeianzisha. Kwa hiyo mtu wa Treeing Walker atakwambia mbwa wake ni wa Finley River, mtu wa Bluetick atataja Smokey River, na mtu wa Plott atataja Weems au Crockett, kisha atanyamaza kidogo akisubiri uonyeshe heshima. Hoja yangu ya leo ni kwamba jina la aina husema machache kuliko tunavyodhani, jina la ukoo husema zaidi kidogo, na kinachobaki chote kinasemwa na watoto wa tumbo moja pamoja na ardhi waliyofanyia kazi.

Historia yenyewe inaniunga mkono. Mwaka 1898 ilianzishwa United Kennel Club, ambayo ndiyo iliyosajili mbwa wengi wa aina hii, na mbwa wa kwanza wa kuwindia rakuni, mnyama mdogo wa Marekani anayepanda miti, kuingia katika daftari lake walikuwa Black and Tan, mwaka 1900. Redbone walifuata mwaka 1902 na English mwaka 1905. Ndani ya jina hilo la English walikuwamo kwa miaka mingi mbwa wa rangi tatu na mbwa wenye madoadoa ya samawati, wakipandishwa wao kwa wao, hadi mwaka 1945 wale wa rangi tatu walipojitenga wakaitwa Treeing Walker, na mwaka 1946 wale wa madoadoa wakaitwa Bluetick. Hivyo watu wawili wanaokesha wakibishana kama Walker ni bora kuliko Bluetick, mara nyingi wanabishana juu ya binamu ambao babu zao walikuwa na cheti kimoja.

Jambo la Walker lina kichekesho zaidi. Mbwa hao wametokana na mbwa wa kukimbiza mbweha wa Kentucky, waliotunzwa na akina Walker na George Washington Maupin, na habari ambayo kila mfugaji wa aina hiyo anaijua ni kwamba katika miaka ya 1850 Maupin aliletewa dume lililoibwa Tennessee likiwa mbioni nyuma ya paa. Dume hilo, lililokuja kuitwa Tennessee Lead, halikufanana na mbwa wa pale, na asili yake haikujulikana. Lilikuwa na kasi na ari kubwa, nao wakalipandisha kwa majike yao, na leo damu yake iko katika maelfu ya mbwa wanaouzwa kwa sifa ya usafi wa ukoo. Mimi nikionyeshwa cheti chenye vizazi saba, namkumbuka yule wa wizi.

Plott wana njia yao. Masimulizi ya familia yanasema kijana Johannes Plott aliondoka Ujerumani mwaka 1750 akiwa na mbwa wa kuwindia nguruwe mwitu, na wazao wake wakawatunza katika milima ya magharibi ya North Carolina, wakiwatumia zaidi kwa dubu. Ndiyo aina pekee kati ya hizo sita ambayo haihesabiwi kuwa imetokana na mbwa wa mbweha wa Kiingereza, na tangu mwaka 1989 ni mbwa rasmi wa jimbo hilo. Ni mbwa wenye milia na moyo mgumu. Tutaona kwamba moyo mgumu mbele ya paka hugeuka gharama.

Sasa tuwatazame hao paka, kwa sababu mbwa hupimwa na anayefukuzwa. Wako wawili. Puma dume huwa na kilo 55 hadi 70 na pengine zaidi, hukimbia kwa nguvu nyingi kwa muda mfupi, kisha pumzi humwishia na hupanda mti au mwamba. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa milima ya Santa Cruz, California, ambamo puma na mbwa walivishwa kola za kupima mwendo. Yalionyesha kwamba puma hujiokoa kwa mbio fupi na kona kali, na mbwa hushinda kwa ustahimilivu. Wa pili ni yule ambaye Wamarekani humwita bobcat, na mimi jioni hii nitamwita paka mkia butu: mnyama wa kimo cha kukaribia simbamangu wetu, mwenye madoa na kipande cha mkia, ambaye jike lake laweza kuwa na kilo 6 tu na dume kubwa likafika 14 au zaidi. Ukimuuliza mwenye mbwa ni paka yupi mgumu, hatataja yule mwenye meno makubwa.

Puma ni mtihani wa miguu, na mara mbwa wakimfikia kazi kubwa imekwisha. Paka mkia butu ni mtihani wa akili. Ni mwepesi, unyayo wake ni mdogo, na harufu anayoiacha ni haba. Anapofukuzwa haendi moja kwa moja kama mbweha. Huzunguka katika kichaka kilekile, hurudi juu ya nyayo zake, hutembea juu ya gogo lililoanguka, hupanda mti akashuka upande wa pili, na wakati mwingine hulala chini tu akaacha mbwa wampite. Ndiyo maana wenye mbwa hupima damu kwa swali moja: mbwa hufanya nini pale harufu inapokatika?

Niruhusuni niwaonyeshe nilichokiona. Ilikuwa Februari, kusini mwa Arizona, kabla ya jua kuchomoza, nasi tulikuwa juu ya nyumbu, yaani chotara wa punda na farasi, kwa kuwa farasi hawapendwi katika mawe yale. Mbele yetu kulikuwa na mbwa sita: vijana wanne wa Treeing Walker, chotara mmoja wa Plott, na jike mkongwe wa miaka tisa, sikio lake la kushoto limechanika, ambaye mwenyewe alisema ni robo tatu Bluetick na robo "kitu kilichofaa". Katika mchanga wa korongo tulikuta nyayo za paka mkia butu, pana kama kizibo cha chupa ya chai, zimelala tangu usiku. Vijana walizinusa wakapita. Jike mkongwe alisimama, akaingiza pua katika unyayo mmoja hadi puani pakawa na mchanga, akatingisha mkia mara mbili, na ndipo akatoa sauti ndefu ya kulia, si ya kubweka. Wengine walirudi mbio na msafara ukaanza.

Kwa karibu saa nzima walikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kisha wakafika penye bamba la mwamba, na harufu ikaisha. Vijana wa Walker walifanya walichoumbiwa kufanya, yaani walirusha duara kubwa mbele kwa kasi, mita mia mbili, mita mia tatu, wakitumaini kuikata njia upande wa pili. Ni ufundi mzuri, na dhidi ya puma ungefaulu. Jike halikwenda popote. Lilirudi hadi mahali pa mwisho lilipokuwa na uhakika, likasimama pale likinusa hewa, kisha likajiinua kwa miguu ya nyuma na kuweka pua juu ya tawi la mreteni, kama nusu mita kutoka ardhini. Ubavu wa paka ulikuwa umegusa tawi lile. Paka hakuwa ameuvuka mwamba. Alikuwa amerudi nyuma juu ya nyayo zake, akarukia gogo, akashukia ng'ambo ya korongo tulikotoka. Mwenye mbwa hakusema neno. Alitoa daftari katika mkoba wa tandiko akaandika mstari mmoja.

Ningeweza kumaliza hapo kwa kusema Bluetick ni bora, na wapo ambao wangenipigia makofi. Ungekuwa uongo. Juma lililofuata nilikuwa Idaho, ambako theluji ilikuwa imeanguka usiku, na pale mtu mwenyewe huona nyayo kwa macho akiwa ndani ya gari, akazipima upya wake, akafungulia mbwa juu ya nyayo mbichi. Jike yule na pua yake ya ajabu angekuwa mzigo, kwa kuwa theluji humfanyia kila mbwa nusu ya kazi, na kinachobaki ni kasi na mapafu. Huko vijana wa Walker walikuwa wafalme. Ukishuka tena kwenye mabwawa na vichaka vya Georgia na majimbo jirani, utakuta watu wa paka mkia butu hawataki kabisa mbwa wa rakuni. Wanatumia mbwa wa mbweha, akina Running Walker, July na Trigg, kwa sababu katika kichaka kinene chenye unyevu harufu ni tele, na paka hapandi mti mpaka asukumwe kwa kasi isiyompa nafasi ya kufikiri. Zile sifa tatu, yaani kunusa nyayo zilizolala, kasi, na subira pale harufu inapokatika, hazikai kwa urahisi katika mwili mmoja, na kila ukoo umeuza mojawapo ili kununua nyingine.

Nilisema moyo mgumu ni gharama, na nisiiache hoja hiyo ikining'inia. Mbwa wa dubu anatakiwa aume aachie, ili dubu asimame. Mbwa huyohuyo akimkuta puma aliyekwama chini, katika pango au kwenye ukingo wa jabali, na akaingia kwa moyo wa Plott wa milimani, mwenyewe atarudi nyumbani na kola tupu. Baadhi ya wafugaji wa Plott wa magharibi wamechagua kwa makusudi mbwa wenye tahadhari zaidi, na nimewasikia wafugaji wa Carolina wakisema kwamba hao si Plott tena. Yaani aina moja, jina moja, na koo mbili zisizokubaliana hata juu ya maana ya ushujaa.

Kuna jambo linalopotosha ulinganisho kuliko yote, nalo ni mashindano. Katika mashindano ya usiku ya rakuni yanayosimamiwa na United Kennel Club, mbwa wa kwanza kutoa sauti juu ya nyayo hupewa alama 100, wa pili 75, wa tatu 50 na wa nne 25. Na wa kwanza kubweka mtini hupewa 125. Ni kweli kwamba mti mtupu huweza kumnyang'anya alama, lakini faida ya kuwahi ni kubwa. Rakuni karibu daima huishia mtini, kwa hiyo mbwa anayewahi kuuamini mti hufanikiwa mara nyingi. Zalisheni mabingwa wa mashindano hayo kwa vizazi kumi, nanyi mtapata mbwa mwepesi wa kusema, mwepesi wa kusimama, asiyesubiri wenzake. Kisha mpelekeni kwa paka mkia butu, ambaye hupanda mti kwa dakika moja na kushuka: atabaki akibweka chini ya mti mtupu mpaka jua lichomoze, kwa sauti nzuri sana. Hana kosa, alizaliwa kujibu swali lingine.

Nayasema haya kwa uchungu wa mtu aliyelipa. Nilipokuwa mgeni huko nilinunua dume la miezi kumi lenye cheti ambacho karibu nusu ya majina yake yalitanguliwa na neno la ubingwa. Muuzaji alinieleza kwa kirefu habari za baba, na habari hizo zilikuwa za kweli. Sikumuuliza watoto wa tumbo lile walikuwa wangapi na wengine wako wapi. Baadaye nilijua walikuwa tisa, na aliyefanya kazi alikuwa mmoja, naye hakuwa wangu. Mbwa wangu alipenda swala, alipenda sungura, alipenda hata ng'ombe wa jirani. Paka ndiye pekee aliyemwacha kwa amani.

Vijana wa mifugo mnajua kwa nini. Tabia za kazi hurithiwa, lakini kwa kiasi cha chini hadi cha wastani, na hutegemea jeni nyingi pamoja na malezi. Bingwa mmoja ni ushahidi mwembamba juu ya damu yake. Ushahidi mnene ni wastani wa watoto wake wote na wa ndugu zake wote, wakiwamo waliotolewa bure, waliofugwa kulinda ghala na waliokufa. Mwenye ukoo akikutajia watano waliofaulu, muulize ni watano kati ya wangapi. Akijibu kwa kukuonyesha picha ya babu yao, hesabu umejibiwa.

Nao hupenda kupandisha ndani ya ukoo ili "kuishika damu". Mnajua hesabu yake: ndugu wa tumbo moja wakipandishwa, asilimia ya mlingano wa damu kwa mtoto ni 25, na nusu ndugu ni 12.5. Njia hiyo hushika mazuri na mabaya kwa mkono uleule. Mfano ulio karibu nasi ni Rhodesian Ridgeback, mbwa aliyetokana na mbwa wa Wakhoikhoi wenye mstari wa nywele mgongoni waliochanganywa na mbwa wa walowezi, akatumiwa na wawindaji kama Cornelius van Rooyen kumzuia simba, kisha akaandikiwa vigezo vyake Bulawayo mwaka 1922. Ule mstari ukafanywa alama ya usafi. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba badiliko la jeni linaloleta mstari huohuo ndilo linalomweka mbwa katika hatari ya kuzaliwa na kijishimo cha ngozi mgongoni kinachoweza kufika hadi kwenye uti wa mgongo. Simba hakuuliza mgongo una nini.

Na kwa kuwa nimemtaja simba, hao mbwa wa Kimarekani wenyewe wamewahi kufika kwetu. Mwaka 1911 tajiri wa Mississippi, Paul Rainey, aliwaleta mbwa wake wa kunusa Afrika Mashariki ya Kiingereza, Kenya ya leo, akiwa na mfunzaji wao Er Shelley, wakawinda simba kwa mbwa. Waliua simba wengi, na picha za sinema zilizotokana na safari zile zilitazamwa sana Marekani mwaka 1912. Mimi ninachokitazama ni mbwa. Simba kwa kawaida hapandi mti akifukuzwa, basi sifa nzima ya kubweka mtini, iliyojengwa kwa vizazi, haikuwa na kazi hapa, na yaliyobaki kuwafaa ni pua, miguu na busara ya kusimama mbali kidogo. Hakuna cheti ambacho kingeweza kumwambia Rainey yupi kati yao alikuwa na busara hiyo kabla ya kufika.

Nisije nikaeleweka kwamba nakuja kuhubiri uwindaji. Oregon ilipiga marufuku kuwinda puma kwa mbwa mwaka 1994, Washington mwaka 1996, na California, ambako puma halindwi kwa mzaha tangu 1990, ikaongeza mwaka 2012 marufuku ya mbwa kwa dubu na paka mkia butu; wapiga kura wa Colorado waliulizwa mwaka 2024 kama puma asiwindwe kabisa, wakakataa. Nina maoni yangu juu ya hayo na nitayatunza. Linalohusu mada ni kwamba mbwa haohao ndio walioijenga elimu ya puma: katika miaka ya 1960 Maurice Hornocker aliwachunguza puma wa Idaho kwa sababu Wilbur Wiles alikuwa na mbwa wa kuwapandisha mtini, wakadungwa dawa ya usingizi, wakatiwa alama na kuachiwa. Mbwa wa Wiles ilibidi wamkute puma yuleyule tena na tena bila kumjeruhi. Huo ni mtihani mkali kuliko wa bunduki, na ukoo uliofaulu hapo ningeulipia.

Nanyi mnaofanya kazi na mbwa wa kufuata majangili, kama wale bloodhound wa Lewa kule Kenya, mtakuwa mmeshaona ninakoelekea. Jangili naye hurudi juu ya nyayo zake, hupita juu ya mwamba, na hutembea ndani ya maji. Mkitumiwa orodha ya mbwa wa kununua kutoka ng'ambo, ombeni video ya dakika kumi za mahali ambapo harufu ilikatika, isiyokatwakatwa, na ombeni idadi ya watoto wa tumbo lile. Kola za satelaiti siku hizi huhifadhi mwendo wa kila mbwa kwenye ramani. Muuzaji mwenye mbwa mzuri anazo ramani hizo, na mara nyingi anatamani mtu amwombe.

Mwaka jana nilimpigia simu yule mwenye jike la sikio lililochanika. Jike limekufa. Alipandishwa mara moja tu, na dume la Walker la jirani lisilo na cheti, akazaa saba. Nilimwuliza wakoje. Nikasikia kurasa zikifunguliwa, kisha akanisomea kwa zamu, kila mmoja na mstari wake: wawili hurudi mahali pa mwisho na kusimama kama mama yao, wawili hurusha duara kama baba, mmoja anabweka mti mtupu, mmoja anafukuza swala na ameshatolewa. Wa saba, alisema, bado anamtazama.